Fungate kisiwani: utulivu wa wawili na muziki wa usiku

Swali

Shikamoo, Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza na mchumba wangu ni mhasibu. Wazee wamekwisha kuzungumza, mahari imepokelewa, na kilichobaki ni tarehe: upande wetu unataka Februari, upande wa mwenzangu unataka Julai. Tumeweka akiba kwa ajili ya fungate ya siku saba, na tumekubaliana iwe kisiwani, kwa sababu sote tumekulia kando ya ziwa na hatujawahi kulala karibu na bahari. Tatizo letu ni kwamba mimi napenda muziki na kucheza, naye anapenda kimya, kitabu na chakula kisicho na haraka. Rafiki zangu wanasema Unguja ni karibu mno, na kwamba fungate ya kweli ni Shelisheli, Morisi au Maldivi, ilhali wengine wanatuelekeza Mafia au Pemba. Tuchague kisiwa gani ili kila mmoja apate haki yake, na tusirudi nyumbani na madeni?

Bibi harusi mtarajiwa, Mwanza

Jibu

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa hatua mliyofikia. Nimefurahi kwamba mmeanza kuulizana mapema nani anapenda nini, maana nimepokea barua nyingi za wanandoa waliogundua tofauti hiyo wakiwa tayari wamelipia chumba kilicho ukuta kwa ukuta na baa.

Neno fungate asili yake ni siku saba, na katika mwambao siku hizo zilikuwa za ndani. Bwana na bibi harusi walikaa chumbani, chakula kililetwa na jamaa, somo, yaani kungwi, alikuwa karibu kumwelekeza bibi harusi, na hakuna aliyetarajia kuwaona nje. Ngoma zilipigwa, naam, lakini zilipigwa uani na wenye shangwe walikuwa wengine, huku maarusi wakizisikia kwa mbali. Ninalitaja jambo hili kwa sababu linanipa kipimo ninachokitumia kila ninapoulizwa swali kama lako: muziki uwe mahali mnapoweza kuufikia kwa miguu au kwa safari fupi ya teksi, lakini usiwe chini ya dirisha lenu. Kisiwa kinachowapa umbali huo ndicho chenu, hata kama hakimshangazi rafiki yeyote.

Kwa kipimo hicho Mafia na Pemba zinatoka mapema, ingawa nazipenda zote mbili. Mafia ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na kati ya Oktoba na Machi mtu anaweza kuogelea karibu na papa potwe katika maji ya Kilindoni, jambo ambalo halisahauliki. Pemba ina mikarafuu, msitu wa Ngezi na pwani ya Vumawimbi ambako mnaweza kutembea asubuhi nzima bila kukutana na mgeni mwingine. Mchumba wako angefurahi sana huko, lakini wewe ungekuwa umevaa kanga mpya saa mbili usiku huna pa kwenda. Ziwekeni akilini kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka wa tano.

Visiwa vya mbali vinahitaji maneno machache zaidi, kwa kuwa naona rafiki zako wamekutia wasiwasi. Maldivi ni nzuri kwa macho, lakini hoteli nyingi huchukua kisiwa kizima peke yake, na pombe huuzwa katika hoteli hizo, si katika visiwa wanakoishi wenyeji. Maana yake ni kwamba jioni zenu zote zingekuwa ndani ya hoteli moja, kwa ratiba ya hoteli hiyo na kwa bei yake. Shelisheli ina mawe makubwa ya matale yanayoingia baharini, ina kisiwa cha La Digue ambako watu wengi huenda kwa baiskeli, na ina bonde la Vallée de Mai kule Praslin lenye minazi ya ajabu isiyoota kwa asili mahali pengine ila visiwani humo. Usiku wake, hata hivyo, ni wa upole: Beau Vallon pale Mahé ina soko la jioni kila Jumatano na mikahawa kadhaa, na kwa mtu anayependa kucheza hapo ndipo orodha inapoanza kuwa fupi. Morisi ndiyo yenye usiku ulio hai kuliko hizo mbili, hasa Grand Baie upande wa kaskazini, na ngoma yao ya sega ina utamu wake. Lakini tarehe zenu zote mbili haziipendezi sana, kwa sababu Februari imo katikati ya msimu wa vimbunga, na Julai kwao ni majira ya baridi yenye upepo. Juu ya hayo, nauli ya ndege ya watu wawili ingemeza sehemu kubwa ya akiba yenu kabla hamjala hata chakula kimoja.

Kwa hiyo nasema Unguja, na nasema bila kusitasita. Huo ukaribu ambao rafiki zako wanaulaumu ndio unaowapa nyinyi usiku wawili zaidi, chumba kizuri zaidi na nafasi ya kulipa kwa shilingi, tena nauli ya boti kwa raia ni ndogo kuliko ile anayotozwa mgeni kutoka nje. Kutoka Dar es Salaam boti ya mwendo kasi huchukua takriban saa mbili, na ndege huchukua kama dakika 20. Nanyi mmesema hamjawahi kulala karibu na bahari, hivyo mshangao mnao tayari, wala hamna haja ya kuufuata mbali.

Ila Unguja si pwani moja, na wanaokosea hukosea katika kuchagua upande. Ninyi mliokulia kando ya Ziwa Victoria mmezoea maji yanayokaa mahali pake kuanzia asubuhi mpaka jioni, kumbe bahari ya Zanzibar huondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita nne. Katika pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, ambako sakafu ya bahari ni tambarare mpaka kwenye mwamba, maji hukimbia mbali kabisa, na mahali mlipotarajia kuogelea mtawakuta akina mama wakishughulikia mashamba yao ya mwani. Mimi naiona kuwa ni sura mojawapo nzuri kuliko zote kisiwani, na kutembea kwa miguu juu ya mchanga ule wenye mabaki ya maji ni raha kwa anayelijua. Kwa asiyelijua, ambaye amelipia chumba kwa sababu ya picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa, ni huzuni ya siku nzima. Kabla hamjatuma malipo popote, ombeni hoteli iwapigie picha ya pwani yake maji yakiwa yamekupwa. Hoteli inayojiamini haitakataa.

Kaskazini magharibi mambo ni tofauti. Kendwa, na sehemu ya Nungwi inayotazama machweo, kina cha bahari huanza karibu na ufuko, kwa hiyo mnaogelea karibu saa yoyote ya mchana. Julai upepo wa kusi huvuma kwa nguvu upande wa mashariki, jambo linalowafurahisha wanaokwenda Paje kuteleza juu ya maji kwa tiara, lakini Kendwa imekingwa vya kutosha na bahari yake hutulia. Pia jua linazama baharini mbele yenu, wakati Paje na Jambiani zinatazama macheo. Kwa wanandoa wapya wasioamka alfajiri, hiyo si tofauti ndogo.

Sasa tuje kwenye usiku, ambao ndio swali lako. Kendwa inajulikana kwa sherehe ya mwezi mpevu ufukweni, ambayo kwa kawaida hufanyika Jumamosi iliyo karibu na mwezi huo. Huwa na muziki mkubwa, watu wa mataifa mengi na vijana kutoka Mjini na Dar es Salaam, na huendelea mpaka karibu na alfajiri. Kwa bahati nzuri, wakati wa bamvua maji yaliyojaa karibu saa kumi alasiri huwa yamekupwa kufikia saa nne au saa tano usiku, hivyo ufuko huwa mpana saa ile ile watu wanapoanza kucheza. Nungwi ina baa na mikahawa inayopiga muziki siku nyingi za juma, kwa kiwango cha chini kidogo. Paje nayo ina umati wa vijana zaidi, wanaocheza pekupeku kwenye mchanga, na baa zake kwa kawaida hupeana zamu ili kila moja iwe na usiku wake. Kama ungekuwa unasafiri na rafiki zako wa chuo, ningekupeleka Paje. Kwa fungate yenu nachagua Kendwa, katika hoteli iliyo mwendo wa dakika 15 au 20 kwa miguu kutoka penye sherehe. Swali la umbali huo waulizeni hoteli kwa maandishi, wala msiridhike na jibu la kwamba "hapa ni pazuri na patulivu".

Kuhusu mwezi wa harusi, naomba uwaelezee wazee kwa adabu kwamba Julai inafaa zaidi, na sababu yake si hali ya hewa. Februari ni kavu na ya joto, na tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limezoeleka kufanyika Mji Mkongwe katika mwezi huo, hivyo kwa mpenda muziki ungekuwa mwezi bora kabisa. Lakini katika miaka hii Ramadhani imeingia humo: kwa mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na kila mwaka unaofuata itatangulia kwa takriban siku 11. Ramadhani Unguja ni mwezi wa heshima. Mchana migahawa mingi hufungwa, kula na kunywa barabarani ni kuwavunjia watu heshima, na muziki hunyamazishwa au hupunguzwa sana hata katika pwani za watalii. Ni wakati mzuri wa kuiona Zanzibar kwa undani, hasa baada ya futari, lakini si wakati wa kutafuta dansi. Julai ni kipupwe, hewa ni ya kupoa na mvua ni kidogo. Ubaya wake ni bei, kwa kuwa wageni wa Ulaya huwa likizoni, na chumba kinachofaa hupatikana kwa wanaokitafuta miezi minne au mitano mapema.

Kama mtaweza, chukueni kalenda mtafute Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu wa Julai, kisha harusi yenu iwe Jumamosi inayotangulia. Jumapili na Jumatatu zitumieni kulala na kuwaaga jamaa, maana harusi huchosha kuliko watu wanavyokiri. Jumanne vukeni kwa boti ya asubuhi, kabla kusi hakijachafua bahari ya mkondo, na kama mmoja wenu tumbo lake ni jepesi ameze dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda. Kutoka bandarini nendeni moja kwa moja Kendwa, mwendo wa gari wa kama saa moja na nusu, mkakae huko usiku tano. Jumanne mpaka Ijumaa ni za mwenzako: kitabu, machweo, samaki wa nazi, na asubuhi moja maji yakiwa yamekupwa mtembee ufukweni mpaka Nungwi, ambako bado kuna mafundi wanaounda majahazi kwa mkono. Angalieni tu saa ya kurudi, kwa sababu maji yakijaa njia hiyo ya ufukweni hufunikwa. Jumamosi ni yako, na yeye akichoka saa sita usiku arudi akalale bila kinyongo, nawe uwe umekubaliana naye mapema nani atakusindikiza na kwa teksi gani.

Jumapili na Jumatatu ziwe za Mji Mkongwe. Hapa ndipo ninapokuomba ulitazame upya neno "usiku". Jioni bustani ya Forodhani hujaa meza za vyakula: mishikaki, pweza, urojo, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Hakuna pombe wala spika kubwa, lakini kuna uhai ambao hata mpenda kimya huufurahia, mradi muulize bei kabla ya kuchagua samaki. Mjini humo kuna Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanza mwaka 1905, na kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilichoanzishwa mwaka 2002, ambacho wanafunzi na walimu wake hupiga taarabu na kidumbaki mbele ya wageni. Ulizeni ratiba mkifika. Nimewahi kumwona kijana aliyekuja akitafuta disko akakaa saa mbili bila kuinuka, kwa sababu ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla tu. Jumatatu asubuhi, kwa kuwa bamvua litakuwa bado lipo, kodini mashua iwapeleke kwenye fungu la mchanga liitwalo Nakupenda, ambalo huonekana maji yakikupwa na kumezwa yakijaa. Jina hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kwenda.

Katika matumizi, zungumzeni na hoteli kwa simu na muulize bei ya mkazi, kwa kuwa nyingi zinayo na haziiandiki kwenye mtandao. Bebeni vitambulisho vya taifa na nakala ya cheti cha ndoa: baadhi ya nyumba za wageni huwauliza wenyeji cheti hicho, na baadhi ya hoteli hutoa chakula cha jioni au mapambo ya chumba kwa wanaokionyesha. Mtakutana na mapapasi, yaani vijana wanaowafuata wageni wakiwauzia huduma, bandarini na ufukweni. Wajibuni kwa salamu na "hapana, asante", bila kubishana. Mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni, na mkiingia vijijini au mitaani jifunike mabega na magoti. Kushikana mikono hakumsumbui mtu, lakini mabusu yaacheni kwa ajili ya chumbani. Usiku msitembee ufukweni penye giza, hata kama hoteli inaonekana kwa macho.

Swali

Assalaamu alaykum. Mimi na mume wangu tunaishi Nairobi, tulifunga nikahi mwezi uliopita bila safari yoyote, na sasa tumepata wiki moja ya likizo Desemba. Hatunywi pombe wala hatuendi disko, lakini hatutaki kulala saa tatu. Je, Lamu inatosha, au tutaboreka?

Msomaji, South C

Jibu

Waalaykumu ssalaam, na Mungu aibariki ndoa yenu. Lamu inatosha, na kwa watu kama ninyi inashinda hata Unguja, kwa sababu usiku wake haukujengwa kwa ajili ya watalii. Baada ya isha watu hutoka: mabarazani kuna kahawa na mazungumzo, ufukoni mwa mji kuna vijana na wazee wanaopunga upepo, na vichochoro, ambavyo ni vya watu na punda kuliko magari, vinatembeleka kwa utulivu. Mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco tangu mwaka 2001, lakini si jumba la makumbusho. Watu wanaishi humo, nanyi mtakuwa majirani kwa wiki moja.

Safirini kwa ndege mpaka kisiwa cha Manda, kisha mvuke kwa boti. Ningewashauri mlale Shela, kilomita kama tatu kutoka mjini, penye ufuko mrefu wenye vilima vya mchanga, na jioni mchukue boti kwenda mjini kula na kuzunguka. Desemba kaskazi huwa imekwisha kuingia na bahari ni ya kupendeza, ila ndio msimu wa wageni wengi, hivyo wekeni chumba sasa hivi. Mkipenda shamrashamra kubwa zaidi siku nyingine, rudini wakati wa Maulidi katika mwezi wa Mfungo Sita, ambapo Msikiti wa Riyadha hujaa wageni kutoka mwambao mzima, na kuna mashindano ya majahazi na ya punda.

Kodini jahazi usiku mmoja wenye mbalamwezi, mkubaliane bei, muda na chakula kabla ya kupanda. Na mkitaka kwenda kwenye magofu ya Takwa kisiwani Manda, mwambieni nahodha awapangie saa ya maji kujaa, kwa kuwa mkondo unaopita katikati ya mikoko mpaka huko huwa hauna kina cha kutosha maji yakishakupwa, na mnaweza kujikuta mnasubiri juu ya tope kwa saa nyingi.